Historia ya Kiharusi Katika Kisiwa cha Mvita

Katika mwaka wa 1331 msafiri mashuhuri wa Maghribi, Ibn Battuta, alipita pwani yetu kwa jahazi akitokea Adeni, na miongoni mwa mambo aliyoyakumbuka alipoisimulia safari yake baada ya miaka mingi ni chakula cha wenyeji waliompokea. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukaletwa katika sahani kubwa ya mti pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, akashangaa kuona kwamba mtu mmoja wa mji ule alikula kadiri ya chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wenyeji wake walikuwa wanene kupita kiasi. Alipofika Mombasa, ndicho kisiwa chetu cha Mvita, ambako alilala usiku mmoja tu kabla ya kushika njia ya Kilwa, aliona hali nyingine kabisa: kisiwa kisicholima nafaka, kikiletewa nafaka yake kutoka nje, na watu ambao chakula chao aghalabu kilikuwa ndizi na samaki.

Nimeanza na msafiri huyu kwa sababu maradhi ninayotaka kuyasimulia, yaani kukakamaa na kuzibana kwa mishipa ichukuayo damu kutoka moyoni, pamoja na kiharusi ambacho ndicho tunda lake chungu, yamezoeleka kuhesabiwa kuwa mageni katika pwani hii, yaliyokuja na meli na reli. Hayakuja na meli wala reli. Mwaka wa 1911 tabibu Marc Armand Ruffer, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alieleza jinsi alivyoichunguza mishipa ya maiti zilizohifadhiwa tangu zama za Firauni akaikuta imejaa chokaa na ugumu uleule wauonao matabibu wa leo. Na mwaka wa 2013 wataalamu waliopiga picha maiti 137 za kale kutoka Misri, Peru na pande mbili za Marekani ya Kaskazini walitangaza kwamba zaidi ya thuluthi moja zilikuwa na alama za maradhi hayo, wakiwemo watu walioishi kwa kuwinda na kuvua. Mbegu yake basi imo katika maumbile ya mwanadamu. Kilichobadilika katika miji yetu ni udongo ambamo mbegu hiyo huota, na mabadiliko hayo ndiyo historia yenyewe.

Wazee wetu waliyajua matokeo ya maradhi haya kabla ya kuyajua maradhi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, alieleza katika Kanuni yake ya tiba tofauti baina ya mtu aangukaye ghafla akapotewa na fahamu na mtu apoozaye nusu ya mwili, akavifungamanisha vyote viwili na ubongo na mishipa ya fahamu. Lakini sababu aliyoitaja, kama walivyoitaja Wayunani kabla yake, ilikuwa kuharibika kwa mizani ya tabia nne za mwili, na kwa karne nyingi hapakuwa na tabibu wa Mashariki wala wa Magharibi aliyeweza kusema zaidi, mpaka Johann Jakob Wepfer wa Uswisi alipoandika mwaka wa 1658 kwamba alivipasua vichwa vya waliokufa kwa kiharusi akaona damu iliyomwagika, akatambua pia kwamba mishipa ya ubongo ikizibwa huleta balaa lilelile. Huku kwetu, pamoja na hikima hiyo ya vitabu, palikuwa na maelezo mengine yaliyosikika zaidi mitaani: mtu aliyelala mzima akaamka mdomo umekwenda upande alisemwa kuwa amepigwa na jini, au amepitiwa na upepo mbaya, au ametupiwa jambo na hasidi wake. Akaandikiwa kombe kwa zafarani, akaumikwa, akakandwa kwa mafuta ya moto. Siwezi kuwadharau watu wale. Maradhi yasiyo na homa, yasiyo na kidonda, yamshikayo mtu hali anacheka na wenzake, hayakumwachia mwenye akili njia nyingi za kuyafahamu. Na kukandwa kule, ingawa hakukuzibua mshipa, kulikilazimisha kiungo kilichokufa ganzi kitembee, jambo ambalo wataalamu wa mazoezi ya viungo hulifanya hata leo.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka kisiwani mwaka wa 1896, matabibu wa Kiingereza waliokuja nayo walikuwa na hofu ya malaria, ndui na tauni, wala hawakuwa na haja ya kuitazama mishipa ya watu. Miongoni mwa wa kwanza kuitazama kwa makini katika nchi hii ni C. P. Donnison, aliyekuwa tabibu wa hospitali ya Kisii, katika jimbo lililoitwa Kavirondo Kusini. Mwaka wa 1929 alichapisha katika gazeti la Lancet habari iliyowastaajabisha wenzake wa London: aliwapima shinikizo la damu wanaume 1,000 wa jimbo lile, akaona kwamba halikupanda kwa umri kama lipandavyo Ulaya, bali baada ya miaka arobaini lilielekea kushuka, na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa muda wa miaka miwili hakumpata hata mmoja mwenye shinikizo la juu. Miaka thelathini baadaye, mwaka wa 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones waliandika kutoka Kampala kwamba maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra mno kwa Waafrika wa Uganda, na kwamba kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini sana kuliko ya Wahindi walioishi nao katika mji uleule.

Habari hizi zilikuwa sahihi, na kazi yake ilifanywa kwa uangalifu. Lakini wengi waliozisoma walitoa hukumu nyepesi, wakasema kwamba Mwafrika kwa damu yake amesalimika na maradhi haya. Hukumu hiyo iliishi katika vyuo vya udaktari kwa muda mrefu, na naamini iligharimu roho za watu, kwa maana tabibu asiyetazamia ugonjwa hautafuti. Hata hivyo ushahidi wa kuibatilisha ulikuwa umeshapatikana. Mwaka wa 1956 Hugh Trowell alikuwa ameandika, kutoka Kampala hiyohiyo, habari ya Mwafrika aliyepatwa na maradhi ya mishipa ya moyo, naye alikuwa jaji, mtu mnene, mwenye maisha yasiyo ya shamba. Kisha wakaja wataalamu waliowafuata Waluo wa magharibi ya Kenya waliohama kijijini kwenda Nairobi kutafuta kazi, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 1990: watu walewale, wa ukoo uleule, shinikizo lao la damu lilipanda baada ya kukaa mjini kwa muda mfupi tu, na chumvi katika mikojo yao ikazidi. Damu ya kabila haikubadilika njiani katika gari la moshi. Kilichobadilika ni sufuria na siku ya kazi.

Nani aliyekwenda kuwapima watu wa Mji wa Kale wa Mombasa katika zama hizo za Donnison? Lau angalitokea, angalikuta mji mmoja wenye maisha ya namna mbili. Mfanyabiashara wa Ndia Kuu, aliyekaa dukani tangu asubuhi hata alasiri, akiletewa samli iliyoshuka kwa majahazi katika Bandari ya Kale pamoja na tende na halua, alikuwa karibu zaidi na wale wenyeji wa Mogadishu aliowaona Ibn Battuta kuliko alivyokuwa karibu na hamali aliyebeba magunia yake. Na wengi walikuwa mahamali, wavuvi, waashi, maseremala wa vyombo, wanawake waliotwanga na kuchota maji. Kisiwa kilikuwa cha kwenda kwa miguu. Hata zile toroli zilizopita juu ya reli nyembamba kutoka Mji wa Kale kwenda Kilindini, ambazo wakubwa walizipanda mpaka mapema katika miaka ya 1920, zilisukumwa na wanaume kwa nguvu za miguu yao. Nazi ililiwa kila siku, tena kwa wingi, na najua kwamba mafuta yake ni ya namna ile ipandishayo kolesteroli; lakini iliingia katika mwili uliotembea, ikafuatana na samaki na mchicha na mbaazi, na sukari ilikuwa kitu cha kutiwa katika kahawa ya sikukuu. Chumvi ndiyo iliyokuwa hatari ya zamani, kwa kuwa papa na ng'onda havitengenezeki bila chumvi nyingi, na watu wa pwani wamevipenda tangu hapo.

Mabadiliko hayakuja siku moja wala hayakutangazwa. Gati za kina kirefu zilifunguliwa Kilindini mwaka wa 1926, na baada ya muda mashine zikaanza kubeba walichobeba watu, mpaka yakaja makontena, ambapo kreni moja hufanya kazi ya mamia ya mabega. Madebe ya mafuta magumu ya kupikia, Kimbo na ndugu zake, yaliingia kila jikoni kwa bei ambayo maskini aliweza kuifikia, na chakula cha kukaangwa, kilichokuwa cha Idi na harusi, kikawa cha kila asubuhi na kila magharibi. Pita leo Kibokoni au Kuze saa za alasiri uone karai iliyotelekwa juu ya jiko la makaa: viazi vilivyochovywa katika unga wa manjano vyaingia kumi kumi, mafuta yanatokota mpaka povu lake lifike ukingoni, na mafuta yale ambayo jana yalikaanga bajia na juzi sambusa yamegeuka rangi ya kahawa nzito, kwa kuwa kuyamwaga ni hasara. Ni chakula kitamu. Mimi mwenyewe nimelelewa nacho. Lakini mlaji wake hupanda tuktuk kwenda Marikiti, mwendo ambao babu yake aliukata kwa dakika chache bila kufikiri, na akifika dukani hukaa mpaka usiku, wengine na sigara mkononi, wengine na majani ya muguka shavuni.

Sasa na tutazame kinachotendeka ndani ya mwili huo. Watu wengi huudhani mshipa kuwa mfereji unaoziba kwa taka zinazoganda juu yake, na hivyo hutaka dawa ya kuuosha. Lakini sivyo ulivyo. Yeyote anayekaa katika nyumba ya mawe na chokaa ya Mji wa Kale anajua jinsi chumvi ya bahari inavyopenya ndani ya ukuta, ikajikusanya nyuma ya lipu mahali pasipoonekana, ukuta ukavimba polepole kwa miaka, na siku moja lipu ikapasuka na kumwaga udongo sakafuni. Ndivyo kolesteroli iingiavyo ndani ya ukuta wa mshipa wenyewe, chini ya utando wake laini, ikaliwa na seli za ulinzi ambazo hushiba mpaka zikafa papo hapo, zikaacha rundo la mafuta lililofunikwa kwa kovu. Shinikizo la damu, sukari na moshi wa tumbaku huudhoofisha utando ule. Siku kovu lipasukapo, damu huganda juu yake kama inavyoganda juu ya jeraha. Na donge hilo likiziba hapo, au likichukuliwa na damu kutoka mshipa wa shingoni mpaka ubongoni, sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa kwa dakika. Kiharusi kingine, cha mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya kichwa, ni mwana wa shinikizo la juu zaidi kuliko wa kolesteroli, nacho ni kingi miongoni mwetu.

Aliyethibitisha kazi ya kolesteroli ni Mrusi, Nikolai Anichkov, ambaye mwaka wa 1913 pale St Petersburg aliwalisha sungura kolesteroli safi iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa yao ikapata uvimbe kama wa wanadamu. Wengi walimpinga kwa hoja kwamba sungura ni mla majani na hakuumbiwa chakula kile, na neno lake likakaa bila kufanyiwa kazi kwa miongo mingi. Uchunguzi mkubwa ulioanza katika mji wa Framingham, Marekani, mwaka wa 1948, ukiwafuata watu maelfu tangu uzima wao hata maradhi yao, ndio ulioonyesha kwamba wenye kolesteroli nyingi, shinikizo la juu na sigara ndio waliotangulia kuanguka.

Kisiwa chetu kina mahali pake katika historia hii kwa msiba uliolifika taifa zima. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1978, Rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, alifariki katika Ikulu ya Mombasa, moyo wake ukiwa umechoka. Naye alikuwa ameshapatwa na maradhi ya mishipa zaidi ya mara moja katika miaka ya 1960. Alikuwa mtu wa cheo kikubwa kuliko wote nchini, aliyezungukwa na matabibu, na matabibu wale, pamoja na elimu yao yote, hawakuwa na dawa ya maana ya kuishusha kolesteroli ya mtu. Dawa hiyo ilikuwa ikitafutwa mbali. Mjapani Akira Endo, mtoto wa wakulima, alianza mwaka wa 1971 katika kampuni ya Sankyo kuchunguza kuvu na ukungu akitumaini kwamba mojawapo hujilinda kwa kuzuia utengenezaji wa kolesteroli. Akapima aina zaidi ya 6,000, na mwaka wa 1973 akaipata aliyoitaka katika ukungu wa kijanikijani uliotoka kwenye mchele wa duka moja la Kyoto. Kitu hicho huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli, na ini likipungukiwa huongeza vipokezi vyake na kuivuta kolesteroli kutoka katika damu, kama walivyoeleza Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, waliotunukiwa Nobeli mwaka wa 1985. Mwaka uleule aliofariki Mzee, kampuni ya Merck ilipata dawa ya jamaa hiyohiyo, jamaa iitwayo statini, katika ukungu mwingine, nayo iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka wa 1987.

Ikabaki kuuliza kama kuishusha kolesteroli huokoa watu. Jibu lilikuja mwaka wa 1994 kutoka nchi za Skandinavia, ambako wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa, nusu wakapewa simvastatini na nusu kidonge kitupu, na vifo vikapungua kwa asilimia 30 kwa waliopewa dawa. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2002, wa watu 20,536, ulionyesha kwamba viharusi navyo vilipungua kwa robo. Na mwaka wa 2006 ikathibitika kwamba hata aliyekwisha kupatwa na kiharusi hupunguziwa uwezekano wa kukirudia kwa atorvastatini, ingawa kile cha kumwagika damu kiliongezeka kidogo, na ndiyo maana dawa hii haipewi mtu bila kujulikana alipatwa na kiharusi cha namna gani.

Huku Afrika Mashariki hesabu zilianza kutisha wakati uleule. Wachunguzi waliohesabu kila kiharusi kipya kuanzia 2003 hata 2006 walikuta katika wilaya ya Hai, mlimani, watu 108.6 katika kila 100,000 kwa mwaka, na katika Dar es Salaam 315.9, baada ya kusawazisha umri. Mji wa pwani ulizidi kwa karibu mara tatu, na ulizidi pia miji mingi ya Ulaya. Kenya ilipofanya uchunguzi wake wa nchi nzima mwaka wa 2015, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja.

Nilimwona mzee mmoja wa mtaa wetu kiharusi kikimpata. Ilikuwa baada ya Isha, barazani, kikombe cha kahawa kikiwa katika vidole vyake. Kikombe kikainama polepole, kahawa ikamwagika juu ya kikoi, naye akaendelea kukishika kana kwamba hakuna kitu. Alipotaka kusema, maneno yalitoka mazito. "Mwanangu," alimwambia kijana aliyekuwa karibu, "huu mkono si wangu." Wengine walitaka aitwe maalimu kwanza. Kijana yule, Mungu amjazi kheri, alikataa, akamtia katika tuktuk wakaenda Makadara, kwenye Hospitali Kuu. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuhisi ganzi tangu adhuhuri na kunyamaza, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida haina nafuu ila ikitolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya kichwa. Aliishi. Hutembea kwa mkongojo, na mkono umekunjika kifuani.

Kilichonihuzunisha zaidi nilikijua baadaye, nilipokwenda kumjulia hali. Alikuwa amepimwa mwaka uliotangulia, akaandikiwa dawa ya presha na atorvastatini, akameza vya mwezi mmoja, akaacha. "Sikuwa naumwa, babu," aliniambia, na mkewe akaongeza kwamba habasoda na kitunguu saumu vilimtosha. Habasoda sina neno nayo. Lakini statini haimpi mtu nguvu wala haimwondolei maumivu. Kazi yake ni kuliacha rundo lililomo ukutani litulie na lisipasuke, kazi isiyohisiwa, nayo hukoma punde kidonge kikomapo. Wachache hupata maumivu ya misuli, na hao humwendea tabibu abadilishe kipimo. Wengi huacha kwa kuwa wako wazima, au kwa kuwa fedha za mwezi wa pili zimekwenda kwenye karo ya mtoto. Bei imepungua sana tangu haki za wagunduzi zilipomalizika na viwanda vya Bara Hindi na vya hapa kwetu vikaanza kuzitengeneza dawa hizi, hata hivyo kidonge cha kila siku kwa umri wote ni kodi nzito kwa mwenye kibarua.

Na kuna mwezi mtukufu wa Ramadhani, ambao ndio mwezi wa kuachwa dawa katika Mji wa Kale kuliko miezi yote, ilhali futari zake ndizo zenye mafuta kuliko vyakula vyote vya mwaka. Statini hazina taabu na saumu: ni kidonge kimoja kwa siku, chaweza kumezwa baada ya futari au baada ya tarawehe, na simvastatini hasa hupendelewa usiku, kwa kuwa ndio wakati ini litengenezapo kolesteroli kwa wingi. Dawa za presha zimezwazo mara mbili, na za sukari zaidi, ndizo zitakazo kupangwa upya, na kupangwa huko hufanywa katika mwezi wa Shaabani, siku kliniki hazijajaa, kabla mwezi haujaandama.